Punje ya Getini

Katibu hakuwahi kumwambia mtu kwamba leo hana kazi. Alikuwa na adabu kuliko hivyo. Kila asubuhi, kabla ya saa moja, alipita mbele ya mstari wa wanawake kwenye geti la kiwanda cha kukoboa kahawa, Bukoba, akiangalia vidole vyao. Aliyemtaka alimgusa bega, naye akaingia ndani. Asiyemtaka alimwekea kiganjani punje moja ya kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani na kuanikwa, ambayo nyumba yoyote ya Kihaya humpa mgeni kabla hata hajaulizwa habari za safari.

"Kesho nayo ni siku, Ma," alisema, kisha akasogea kwa mwingine.

Ma ni mama, na kwa mwanamume tunasema Ta. Hata aliyekuwa akimrudisha nyumbani na njaa alimwita Ma. Nimefundishwa na watu wakatili na nimefanya kazi chini ya wengine, lakini sijaona mtu mwingine aliyefukuza watu kwa ukarimu namna ile. Wanawake wale waliondoka getini wakitafuna. Ukipita barabara ile asubuhi ungedhani wametoka kwenye posa.

Alikuwa jirani yetu Ijuganyondo. Migomba yake na yetu ilipigana vikumbo mpakani, na marehemu baba yangu alikunywa naye rubisi, pombe yetu ya ndizi, miaka mingi bila kukubaliana naye jambo hata moja. Alivaa koti la rangi ya udongo, jua liwake mvua inyeshe, na kwenye ukosi wa koti kulikuwa na beji ya chama cha wafanyakazi. Hapo ndipo jina la Katibu lilipotoka. Zamani alikuwa katibu wa tawi la chama kiwandani pale, siku ambazo kiwanda kilikuwa na wafanyakazi. Baadaye kilikuwa na watu waliofanya kazi, ambalo ni jambo lingine kabisa.

Mabadiliko hayo yalifika kwa barua. Mwenye kiwanda mpya alimpa kila mtu bahasha yenye shukrani, na siku mbili baadaye ikatangazwa kwamba wanaopenda kuendelea waombe upya kwa wakala wa vibarua, kwa siku moja moja. Katibu aligoma. Alikaa mbele ya geti na kiti chake cha nyumbani, koti mwilini, akiwasomea walinzi vifungu vya sheria ya kazi kwa sauti ya padri. Walinzi walimletea chai. Alikuwa mtu wa mwisho kusaini kuachishwa na wa kwanza kuajiriwa na wakala, tena kwa kazi ya kuchagua vibarua.

Baba alimuuliza, "Sasa wewe uko upande gani?"

"Bora wachaguliwe na mtu anayezijua haki zao," alijibu Katibu.

"Azijue ili azifanyeje?"

"Azijue tu. Mtu asiyezijua atawaonea bila mpangilio."

Hapo ndipo watu wasiomfahamu hukosea juu yake. Hudhani alikuwa mla rushwa. Laiti angekuwa. Katibu hakupokea kitu cha mtu. Kuku alimrudisha akiwa hai, miguu imefunguliwa. Senene aliwarudisha, na kwetu anayekataa senene hutazamwa kama mgonjwa. Mwanamke mmoja alimpelekea mkungu wa ndizi usiopungua uzito wa mtoto wa darasa la tatu. Katibu aliubeba mwenyewe hadi kwake, akautua mlangoni, akasalimia wazee, akaondoka. Asubuhi yake mwanamke yule alipewa punje. Nilimsikia akiwaambia wenzake kwamba afadhali mtu mwenye bei, kwa sababu bei unaweza kuikopa. Katibu ungemnunua kwa kitu gani?

Alichotazama ni vidole. Kuchambua kahawa ni kazi ya kidole gumba na cha shahada: mkanda unapita, punje nyeusi na zilizotobolewa na wadudu unazidonoa, nzuri unaziacha ziende Ulaya zikanywewe. Alitaka vidole vyembamba, visivyotetemeka. Mwenye kidonda alirudi nyumbani. Mwenye kucha ndefu alirudi nyumbani. Mwenye mtoto mgongoni aliambiwa, kwa upole mkubwa, kwamba mtoto naye ana vidole na bado havijakomaa.

"Kibarua hana jana," alipenda kusema. "Ana leo tu. Ukimpa jana, atakudai kesho."

Siku hizo nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, Dar es Salaam, ugonjwa ambao humfanya kijana adhani kila anachokiona kijijini kinasubiri yeye akipe jina. Nikiwa likizo, Katibu alikuja barazani kwetu akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Kibarua mmoja aliyeachishwa alikuwa amekwenda ofisi ya kazi, akathibitisha kwamba amefanya kazi kiwandani zaidi ya miezi sita, ambayo kwa sheria humpa mtu haki ya kutofukuzwa ovyo, akashinda. Wakala alikuwa amemwonya Katibu kwamba ikitokea tena, ataondoka yeye.

"Mwanangu, huko mnasoma sheria?"

"Nasoma maendeleo, Ta."

"Maendeleo ya nani?"

"Ya watu kwa ujumla."

"Basi mimi ni mtu. Hii miezi sita mnaivukaje?"

Aliijua sheria kuliko mimi. Alijua kwamba ukimpumzisha mtu wiki mbili na kumrudisha, vipande vya kazi yake vinaweza kuunganishwa, mradi ni mtu yuleyule. Nilicheka, nikasema jambo ambalo nimelisikia tena masikioni mwangu miaka zaidi ya kumi na tano.

"Basi asiwe yuleyule, Ta. Sisi Wahaya tuna majina ya kutosha. Mwandikishe la ubatizo hadi Pasaka, la Kihaya hadi mavuno, na likiisha mwite Mama Fulani."

Ilikuwa utani. Nilikuwa kijana mwenye utani mwingi, ambao kwa umri huu naulipia kwa kuandika makala zinazosomwa na waandishi wengine wa makala. Lakini Katibu hakucheka. Alitoa daftari kwenye koti, akalifungua kwenye goti, akaniomba niandike mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nikaandika. Safu tatu, kwa rula. Jina la kanisani, jina la nyumbani, jina la mtoto. Aliyataja yote kwa kichwa, wanawake wote wa geti, bila kukosea hata moja, jinsi babu anavyotaja ukoo.

Nikarudi chuoni nikaandika insha kuhusu kulegezwa kwa masharti ya ajira na jinsi mifumo inavyomgandamiza mnyonge. Nilipata alama A. Katibu, kwa upande wake, alitangaza getini kwamba mpango mpya ni wa mwanawe wa chuo kikuu. Alijivunia sana. Kila nilipokuja likizo wanawake waliniamkia kwa heshima iliyonifurahisha, na nilichelewa mno kuelewa kwamba haikuwa heshima.

Wanawake wenyewe hawakuona ubaya mwanzoni. Jina lilikuwa lao. Walicheka wao kwa wao, "Leo nani kaingia, Adventina au Nyakato?" Mtu wa kwingine mwenye jina moja angeshtuka akiambiwa alibadilishe; sisi tuliletwa duniani na akiba ya majina, tukaona tunatumia tu kilichokuwepo.

Na bado mtu huyu alilia kwenye misiba. Nisimnyime haki yake. Kibarua akifiwa, Katibu alifika wa kwanza, akapasua kuni, akaandika barua ya rambirambi na kuigonga muhuri wa tawi. Muhuri ule alikuwa ameuchukua nyumbani siku ofisi ya chama ilipofungwa, na aliutunza pamoja na kidau cha wino kwenye kabati la vyombo. Aligonga rambirambi, aligonga kadi za harusi, na wajukuu zake walikwenda shule na madaftari yaliyoidhinishwa na chama cha wafanyakazi.

Na Mei Mosi hakuikosa. Mwaka mmoja alinigongea asubuhi nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi.

"Mwanangu, bango lina miti miwili na mimi ni mmoja."

Bango lilikuwa la tawi la zamani, kitambaa chekundu chenye jina la kiwanda na maneno kuhusu mshikamano. Nikashika mti wa kushoto. Tulikuwa wawili, chini ya bango lililoshonwa kwa ajili ya watu mia, kati ya walimu waliokuja na ngoma na manesi waliovaa fulana mpya. Katibu alitembea kifua mbele. Tulipopita karibu na kiwanda tulisikia mashine zinanguruma, maana kibarua hana sikukuu, na wanawake walikuwa ndani wakichambua.

"Ta, wale si ndio wafanyakazi?" nilimuuliza.

"Nyanyua upande wako," alisema. "Umelegea."

Ma Leokadia nimemwacha hadi sasa, si kwa sababu nilimsahau. Alitoka Muleba, mumewe alikuwa amekwenda kuvua kisiwani Goziba na hakurudi, naye alikuwa amepanga chumba nyuma ya shule, Ijuganyondo. Ndiye aliyekuwa na vidole vya haraka kuliko wote. Katibu alimgusa bega karibu kila siku, na kwa Katibu hilo ndilo lililokuwa penzi. Kwenye daftari nililoliandika alikuwa Leokadia, Kokugonza na Mama Adela. Alifanya kazi miaka tisa kwenye mkanda ule, na kwenye karatasi hakuna hata mmoja wa wanawake hao watatu aliyewahi kutimiza miezi sita.

Asubuhi moja aliambiwa afagie chini ya mkanda bila mashine kuzimwa, kwa kuwa kuizima ni kupoteza muda. Mkanda ulichukua vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na shahada. Wenzake walisema hakupiga kelele. Alikaa chini akaviangalia vile vitatu vilivyobaki kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Nilikuwa nimekwisha kurudi Bukoba kufundisha, na yeye alikuja kwangu nimwandikie barua ya madai ya fidia. Niliandika barua nzuri sana. Ndani yake kulikuwa na kila kitu isipokuwa nani aliyetengeneza safu tatu za majina. Nikamsindikiza ofisi ya kazi na kukaa naye kwenye benchi. Katibu alikuwa ameitwa aeleze kwa niaba ya wakala. Alikuja na koti.

Ofisa alikuwa na karatasi mbili. Ya hospitali ilisema Leokadia. Orodha ya kazini ya mwezi huo haikuwa na Leokadia.

"Leokadia alikuwa kazini siku ile?" ofisa aliuliza.

"Hapana, mheshimiwa," alisema Katibu. "Leokadia alimaliza mwezi wa pili. Aliyekuwa kazini ni Kokugonza."

"Huyo Kokugonza yuko wapi?"

"Kazi yake ilikwisha siku ileile."

Ma Leokadia alimgeukia. Hakuwa na hasira; alikuwa anauliza kweli. "Ta Katibu, kwani mimi ni nani?"

"Wewe ni Ma Leokadia," alisema Katibu, kwa huruma. "Nani asiyekujua?"

Ofisa aliuliza kama yupo mtu wa kuthibitisha kwamba majina yale ni ya mtu mmoja. Wenzake watatu waliokuwa wamekuja naye walitazama sakafu. Kesho yake walitakiwa wawe getini, na Katibu alikuwa anawaona. Mimi sikutakiwa kuwa kwenye geti lolote. Nilikuwa na shahada mbili, kazi ya kudumu yenye bima, na mwandiko wangu ulikuwa ndani ya koti la yule mzee, hatua mbili kutoka nilipokaa. Nilifungua kinywa. Nikakumbuka kwamba ningeulizwa nimejuaje. Nikakohoa, ofisa akaninong'onezea kwamba maji yapo kwenye korido.

Madai yakafungwa. Njiani Katibu aliniambia kwamba asingeweza kusema uongo mbele ya serikali, na kwamba hakusema. Ni kweli. Nimepitia maneno yake mara nyingi nikitafuta uongo, sijaupata.

Mkono ulipopona Ma Leokadia alirudi getini. Sijui alitarajia nini. Labda angepewa kufagia. Katibu alipita kwenye mstari kama kawaida, akafika kwake, akamtazama vidole kama alivyomtazama kila mtu. Kisha akamwekea punje kwenye mkono wa kushoto. "Kesho nayo ni siku, Ma." Alirudi siku iliyofuata, akapewa punje. Wiki tatu alirudi, wiki tatu alipewa. Niliwahi kumwambia Katibu kwamba angemwambia ukweli tu mara moja ili mama wa watu aache kuamka alfajiri.

"Kumnyima mtu kesho?" alisema. "Mimi siwezi ukatili huo."

Siku moja hakuonekana kwenye mstari. Alikuwa amerudi kwao Muleba.

Mwaka jana kiwanda kiliacha kutumia geti. Wakala mpya, kampuni ya Mwanza, huita watu kwa ujumbe wa simu: namba yako ikitokea unakuja, isipotokea hujui hata nani amekukataa. Wanawake wanasema walau zamani walitafuna. Na Katibu, mzee sasa, nusu ya uso imepooza, mgongo umepinda ndani ya koti lilelile, aliambiwa na kijana mwenye kompyuta kwamba huduma yake haihitajiki. Alikwenda kudai kiinua mgongo. Kiwanda kikasema alikuwa mtu wa wakala. Wakala wa zamani akasema alikuwa mtu huru aliyejitolea kusaidia. Walimtaka alete karatasi. Na yeye aliyeandikisha watu wote mara tatu tatu hakuwa amejiandika hata mara moja.

Alinijia akiwa na daftari.

"Nimebakiza kupata shahidi mmoja, mwanangu. Wa kusema kwamba nilikuwa pale kila siku na kwamba nilitumwa. Hawa wanaoitwa kwa simu wanaogopa. Nipeleke kwa Leokadia."

"Leokadia, Ta?"

"Yeye hana wa kumwogopa."

Nilimpeleka. Kutoka Bukoba mpaka Muleba alikuwa akisoma vifungu kwa sauti, akirekebisha kimoja nilichokitaja vibaya. Mvua ilikuwa imenyesha na mlima ule wa mwisho gari langu lilipanda likiguna. Tulimkuta Ma Leokadia mbele ya nyumba yake akimenya ndizi, kisu mkono wa kushoto, ndizi imebanwa na vile vidole vitatu vya kulia. Alimenya haraka. Alikuwa amejifundisha.

Tulimwamkia. Aliitikia bila kusimama. Kwetu mgeni akifika anavutiwa kiti hata kama amekuja kukutangazia vita. Hakuvuta kiti.

Katibu alieleza kwa kusimama, kofia mkononi. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kuanzia barua ya kwanza ya mwenye kiwanda. Alisema amefanya kazi miaka ishirini na haiwezekani mtu afanye kazi miaka ishirini halafu iwe hakuwepo. "Ma, wewe uliniona," alisema. "Kila siku uliniona."

Ma Leokadia aliweka kisu chini.

"Nilikuona, Ta Katibu."

Aliingia ndani. Katibu alinigeukia, na ile nusu ya uso wake iliyokuwa bado hai ilitabasamu. Ma Leokadia alitoka na kakikapu kadogo ka ukindu, kale ambako kila nyumba huweka kahawa ya wageni. Hakutusogezea kikapu tuchague, kama inavyopaswa. Alisimama mbele ya Katibu, akautazama mkono wake, akatazama vidole vyake kimoja kimoja, polepole. Vilikuwa vinatetemeka. Kisha akachukua punje moja na kumwekea kiganjani.

"Kesho nayo ni siku," alisema.

Akaja kwangu. Nilikuwa nimeshaficha mikono mifukoni, kama mwanafunzi aliyekutwa na wino. Alisubiri mpaka nikautoa wa kulia, ule wa kuandikia.

"Na mwana wa chuo," alisema. "Aliyetupatia majina."

Punje yangu ilikuwa ndogo na nyeusi; kwenye mkanda wangeidonoa. Alikaa akaendelea kumenya ndizi zake.

Tulirudi, tukaiacha Kemondo nyuma. Katibu alikuwa akitafuna taratibu, punje iko shavuni, macho barabarani. Nilifikiri analia, nikapunguza mwendo kwa heshima. Hakuwa analia. Alikuwa anapanga.

"Amesema kesho," aliniambia. "Utanipitia saa ngapi?"

Nilimtazama nione kama anatania. Katibu hakuwahi kutania maishani mwake. Mwenye utani nilikuwa mimi.

"Saa moja, Ta," nilisema.

Sikwenda. Mke wangu, aliyepita kwa Katibu akitoka sokoni, aliniambia amemwona barazani kwake saa sita mchana, koti limefungwa vifungo vyote, daftari mapajani, akiangalia barabara.